Koo Limepona, Mbona Mtoto Anavimba Uso?

Mtoto wa miaka saba anaumwa koo. Kwa siku tatu ana homa, hataki kula, hata chai ya maziwa anaisukuma. Mama anampa vidonge vilivyobaki kutoka kwa ugonjwa wa ndugu yake mwaka jana, na kufikia siku ya nne mtoto amerudi kuchezea mpira nje ya boma. Nyumbani mambo hayo yanasahaulika. Baada ya wiki mbili hivi, mtoto yuleyule anaamka asubuhi macho yamevimba karibu kufumba, na mkojo wake una rangi ya strungi.

Hakuna mtoto mmoja mahususi anayezungumziwa hapa. Huu ni mpangilio wa matukio unaojulikana sana na wahudumu wa afya popote pale penye watoto wengi, maji machache na kituo cha afya kilicho mbali, na wadi ya Sericho ina yote matatu. Swali ambalo wazazi huuliza ni lilelile: koo limepona, hili jipya limetoka wapi?

Jibu ni kwamba si jipya. Ni mwendelezo wa ugonjwa wa koo, ila aliyeuendeleza si bakteria peke yake. Ni mwili wa mtoto mwenyewe, ambao katika kupigana na bakteria umejeruhi mishipa midogo ya damu ndani ya figo. Madaktari wana jina la jumla la magonjwa ambamo kinga ya mwili huwasha moto kwenye kuta za mishipa ya damu: vaskulitisi. Yapo ya aina nyingi, mengine adimu sana, na si yote yanayotokana na bakteria. Lakini uhusiano kati ya maambukizi ya kawaida na mishipa inayovimba umechunguzwa kwa zaidi ya miaka 100, na sehemu ya yale yaliyogunduliwa inamhusu moja kwa moja mkazi wa Sericho, Iresaboru, Badana au Modogashe.

Alama iliyofanana

Kila mfugaji wa Isiolo anajua alama za mifugo. Ngamia au ng'ombe anapigwa chapa ya ukoo, na kwa chapa hiyo anatambulika hata akipotelea kwenye kundi la watu wengine kisimani. Kinga ya mwili hufanya kazi inayofanana na hiyo. Ina askari wanaosoma alama zilizo juu ya kila chembechembe: huyu ni wetu, mwache, huyu ni mgeni, mshambulie.

Sasa chukulia mgeni anayekuja na chapa inayokaribia kufanana na ya mwenyeji. Bakteria anayeitwa streptokokasi wa kundi A, ambaye ndiye chanzo kikubwa cha maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria kwa watoto, ana proteni juu ya ganda lake inayofanana kwa sehemu na proteni zilizo kwenye moyo wa binadamu. Mwili unatengeneza kingamwili za kumwinda bakteria. Anaisha. Lakini kingamwili zile zimeshajifunza ile chapa, na zikipita moyoni zinaiona tena. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, ambayo huja wiki mbili hadi nne baada ya koo, zaidi kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, na inaweza kuacha milango ya moyo imekunjamana maisha yote.

Njia ya pili ni tofauti, na ndiyo inayohusu uvimbe wa uso na mkojo mweusi. Hapa kingamwili hazikosei alama. Zinamkamata bakteria au vipande vyake kama inavyotakiwa, lakini mabonge madogo ya kingamwili na vipande hivyo yanasafiri ndani ya damu na kukwama kwenye mishipa myembamba ya figo, ile inayochuja mkojo. Yakishakwama, mwili unayaona kama uchafu unaohitaji kuchomwa, na moto unawashwa palepale, ndani ya chujio. Chujio likiharibika, damu na proteni vinavuja kwenye mkojo, maji na chumvi vinabaki mwilini, uso unavimba, presha inapanda.

Muda ni dalili muhimu kuliko nyingine zote. Baada ya koo, figo huanza kuonyesha dalili kwa kawaida baada ya wiki moja hadi mbili. Baada ya vidonda vya ngozi vilivyoambukizwa bakteria huyohuyo, huchukua karibu wiki tatu au zaidi. Ndiyo maana wazazi hawaunganishi mambo haya mawili. Mtu akila kitu kibaya leo na kuharisha leo, anajua alichokula. Kidonda kilichopona mwezi uliopita hakuna anayekikumbuka.

Ngozi, maji na upele

Ukienda kwenye vitabu vya tiba utakuta koo limeandikwa sana na ngozi kwa ufupi. Kwa maeneo kama Sericho inafaa kuanza na ngozi.

Wadi hii iko kwenye eneo tambarare na kavu linalopakana na bwawa la Lorian, ambako mto Ewaso Nyiro hufika ukiwa umechoka, na miaka mingine haufiki kabisa. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika kaskazini mwa Kenya. Kisha mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zikaleta mafuriko. Ukame na mafuriko, kwa ngozi ya mtoto, huleta kitu kilekile: maji safi ya kuoga yanapungua, na familia zinalala kwa kubanana, ama kwa sababu watu wamehamia karibu na kisima, ama kwa sababu maji yamewaondoa majumbani.

Hapo ndipo upele unapoingia. Upele wa kuwasha usiku, unaoletwa na vidudu vidogo vinavyochimba chini ya ngozi, huanzia katikati ya vidole, viganjani na kiunoni. Mtoto anajikuna hadi anatoa damu. Kucha zinaingiza streptokokasi ndani ya michubuko, vidonda vinatoa usaha na kuweka gamba la rangi ya asali. Wengi huona hilo kama shida ndogo, la kupaka mafuta na kusubiri, na mara nyingi kweli hupona lenyewe. Lakini mtoto mwenye vidonda hivyo sehemu nyingi amebeba mzigo wa bakteria unaotosha kuchokoza figo zake.

Kutibu upele kunahitaji jambo moja ambalo husahaulika: nyumba nzima inatibiwa siku moja, hata wasiojikuna. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Kama maji hayatoshi, nguo zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku kadhaa, kwa kuwa vidudu hivyo havidumu muda mrefu nje ya ngozi ya mtu. Ukimtibu mmoja na kumwacha ndugu anayelala naye ngozi moja, baada ya mwezi mmoja mtarudi palepale.

Hapa panafaa kusemwa ukweli mmoja usiopendeza. Dawa za kuua streptokokasi zikitolewa mapema huzuia homa ya baridi yabisi, na hilo limethibitishwa. Kwa figo ushahidi si wazi hivyo: mtoto anaweza kutibiwa vizuri na bado figo zikavimba. Faida kubwa ya tiba kwa upande wa figo ni kuwalinda wengine, yaani ndugu, wanafunzi wa dugsi na wenzake darasani, wasiambukizwe bakteria huyo. Kwa maneno mengine, figo za mtoto wako zinaweza kuwa zinalindwa na tiba ya mtoto wa jirani.

Madoa yasiyofifia

Ugonjwa mwingine katika kundi hili una jina refu na sura inayotisha, ingawa mara nyingi huisha salama. Daktari Mjerumani Johann Lukas Schönlein aliuelezea mwaka 1837 kama madoa ya ngozi yanayoandamana na maumivu ya viungo, na Eduard Henoch mwaka 1874 akaongeza maumivu ya tumbo. Leo unaitwa vaskulitisi ya IgA, kwa jina la aina ya kingamwili zinazokutwa kwenye kuta za mishipa iliyoathirika. Ndiyo vaskulitisi inayowapata watoto zaidi kuliko nyingine zote.

IgA ni kingamwili za mlangoni. Kazi yake kubwa iko kwenye utando wa pua, koo na utumbo, pale ambapo vijidudu huingilia. Hivyo haishangazi kwamba ugonjwa huu mara nyingi hufuata mafua au maumivu ya koo, na streptokokasi ni mmoja wa washukiwa ambao wametajwa kwa muda mrefu. Virusi pia vimo. Kinachojulikana ni kwamba maambukizi ya njia ya hewa hutangulia kwa wagonjwa wengi. Kwa nini mtoto mmoja kati ya wengi walioumwa koo ndiye apate madoa, hilo sayansi bado inalitafuta.

Madoa hutokea matakoni na miguuni chini ya goti, na ukipitisha kidole unahisi yameinuka kidogo. Kwenye ngozi nyeusi hayaonekani mekundu kama picha za vitabuni zinavyoonyesha. Huwa ya zambarau iliyoiva au meusi kuliko ngozi inayoyazunguka. Ukibonyeza kwa chini ya glasi safi ya kioo, doa halififii, kwa sababu damu imeshatoka nje ya mshipa. Magoti na vifundo vya miguu vinauma, tumbo linasokota, wakati mwingine kinyesi kina damu. Wengi hupona katika wiki nne hadi sita bila dawa kali. Karibu theluthi moja hurudiwa na madoa baadaye, na huwa ni mepesi kuliko ya kwanza.

Tatizo, tena, ni figo. Mtoto anaweza kuonekana mzima, madoa yameisha, anakimbia, na figo zikawa zinavuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo mkojo unatakiwa kupimwa mara kwa mara kwa karibu miezi sita baada ya ugonjwa kuanza, na presha pia. Kipimo chenyewe ni kijiti cha karatasi kinachochovywa kwenye mkojo na kubadilika rangi, ni kazi ya dakika mbili. Kinachowashinda watu ni safari ya miezi sita kwa mtoto asiyelalamika.

Lakini si kila madoa yasiyofifia ni haya. Mtoto mwenye madoa, homa kali, shingo ngumu, anayelala isivyo kawaida au kutapika anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo, na huyo hasubiri hata usiku mmoja. Wakazi wa hapa pia wana sababu yao ya kuogopa damu inayotoka bila jeraha: mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, homa ya Bonde la Ufa iliripotiwa kwa watu na mifugo katika Kaunti ya Isiolo, ikiwemo kaunti ndogo ya Garbatulla. Huo ni ugonjwa wa virusi kutoka kwa mifugo na mbu, hauna uhusiano na streptokokasi. Mgonjwa anayetokwa damu puani au kwenye fizi baada ya kuchinja au kuzalisha mfugo mgonjwa aseme hivyo mara tu anapofika kituoni, kabla hata ya kueleza madoa. Sumu ya nyoka nayo huvujisha damu. Kutofautisha haya ni kazi ya kituo cha afya, si ya nyumbani, wala ya duka la dawa.

Watu wazima nao

Kwa watu wazima uhusiano wa bakteria na mishipa umechunguzwa zaidi katika magonjwa mawili, yote adimu, lakini kila moja lina funzo.

La kwanza huanzia puani. Daktari Friedrich Wegener wa Ujerumani aliuelezea katika miaka ya 1930 ugonjwa unaoanza kwa pua kuziba, kutoka damu na magamba kwa miezi, kisha ukashuka kwenye mapafu na figo. Mwaka 1994 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba wagonjwa wanaobeba bakteria aitwaye stafilokokasi ndani ya pua kwa muda mrefu hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Mwaka 1996 walichapisha jaribio la wagonjwa 81 waliokuwa wametulia: nusu walipewa kotrimoksazoli, dawa ambayo Wakenya wengi wanaijua kwa jina la Septrin, na nusu dawa bandia. Baada ya miezi 24, asilimia 82 ya waliopewa Septrin walikuwa bado wametulia, ikilinganishwa na asilimia 60 ya wengine. Dawa ya bakteria ilikuwa imepunguza ugonjwa wa kinga. Haikuutibu kabisa, na haikuthibitisha kwamba stafilokokasi ndiye mwanzilishi, ila ni vigumu kuyatazama matokeo hayo na kusema bakteria hana mkono.

La pili ni ugonjwa wa mishipa mikubwa, ile inayotoka moyoni kwenda mikononi na kichwani. Daktari wa macho Mikito Takayasu wa Japani aliandika mwaka 1908 kuhusu mwanamke kijana mwenye mishipa ya ajabu nyuma ya jicho. Baadaye ilieleweka kwamba kuta za mishipa mikubwa hunenepa na kuziba polepole, hadi mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono yanapotea. Huwapata zaidi wanawake walio chini ya miaka 40. Kwa miongo mingi madaktari wamekuta wagonjwa hawa wakiwa pia na kifua kikuu, au walikuwa nacho zamani, zaidi ya ilivyotarajiwa, na wakajiuliza kama bakteria wa kifua kikuu ndiye anayeichokoza kinga. Haijathibitishwa. Kenya imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kwa hiyo kukutana kwa magonjwa hayo mawili kwa mtu mmoja kunaweza pia kuwa bahati mbaya tu.

Kwa mkazi wa kawaida jambo la kushika hapa ni dogo. Mwanamke kijana anayechoka mkono akisuka kamba au kupiga maji kisimani, anayehisi kizunguzungu, na ambaye presha ya mkono wa kulia inatofautiana sana na ya kushoto, apelekwe hospitali. Kituoni hupima mkono mmoja kwa kawaida. Si vibaya kuomba wapime wote miwili.

Ipo pia bruselosi, ugonjwa wa maziwa mabichi unaojulikana sana kwa wafugaji. Mara chache umeonekana ukivimbisha mishipa ya ngozi. Muhimu zaidi ni kwamba homa yake ya kuja na kuondoka na maumivu yake ya viungo hufanana na homa ya baridi yabisi, na mtoto anaweza kumaliza dawa za moja huku anaugua nyingine. Viungo vinavyouma kwa kuhama, leo goti, kesho kifundo, keshokutwa kiwiko, vinaelekeza zaidi kwenye baridi yabisi. Watoto wachache huanza kurusha mikono na kukunja uso bila kutaka, wakaangusha kikombe, wakaandika ovyo shuleni. Huyo mara nyingi hupelekwa kusomewa akidhaniwa ana majini. Asomewe, hakuna ubaya, lakini moyo wake upimwe wiki hiyohiyo.

Kinachofanya kazi, na kisichofanya

Koo nyingi zinazouma zinaletwa na virusi na hazihitaji dawa ya bakteria. Mtoto mwenye kikohozi, mafua na macho mekundu huenda ana virusi. Anayeelekea kuwa na streptokokasi ni yule mwenye homa, asiye na kikohozi, mwenye mafindofindo yaliyovimba na madoa meupe ya usaha, na tezi zinazouma chini ya taya. Huyo apelekwe kituoni. Kwa homa ya baridi yabisi, penisilini inazuia hata ikianzishwa hadi siku ya tisa tangu koo lianze kuuma. Siku tisa ni muda mwingi hata kwa familia iliyo foora na mifugo, na ni jambo la kuwaambia vijana wanaobaki huko na wadogo zao.

Penisilini ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na bado inamuua bakteria huyu vizuri. Hutolewa kwa njia mbili. Kuna vidonge au dawa ya maji ya siku 10, penisilini yenyewe au amoksilini. Kuna sindano moja ya benzathini penisilini: vipimo 600,000 kwa mtoto wa chini ya kilo 27, na 1,200,000 kwa aliyezidi hapo. Sindano hiyo inauma, watoto wanaichukia, ila kwa familia inayohama kesho ina faida ambayo vidonge havina, kwani imeshamaliza kazi siku hiyohiyo. Mzazi ana haki ya kuiulizia. Aseme pia kama mtoto aliwahi kupata vipele au kukosa pumzi baada ya dawa yoyote ya aina hiyo.

Kuna mambo matatu yanayofanyika sana na ambayo hayasaidii. Kukata kimeo hakumuondoi streptokokasi, maana hakai kwenye kimeo peke yake, na jeraha lenyewe linaweza kuvuja damu au kuoza. Kumpa mtoto sindano ya manjano ya mifugo ni hatari mara mbili: mara nyingi haimuui bakteria huyu, na dawa ya jamii hiyo huacha meno ya mtoto mdogo yakiwa na madoa ya kudumu. Tatu, vile vidonge vya maduka vinavyoitwa vya nguvu, ambavyo vingine ni dawa za kushusha kinga. Kweli vinapunguza uvimbe kwa siku mbili tatu. Hospitalini dawa hizo hutumika kwa vaskulitisi fulani kwa kipimo na uangalizi, baada ya kuhakikisha mgonjwa hana kifua kikuu. Dukani hakuna anayehakikisha hilo.

Uganda imetoa ushahidi ulio karibu na mazingira yetu. Katika eneo la Gulu, kaskazini mwa nchi hiyo, watafiti walipima mioyo ya zaidi ya watoto 100,000 kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wakapata zaidi ya 900 waliokuwa na dalili za mwanzo za moyo wa baridi yabisi bila wao kujua, na wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalikuwa hivi: moyo uliendelea kuharibika kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Mtoto yeyote wa Isiolo aliyeambiwa arudi kwa sindano kila mwezi yuko kwenye mpango wa namna hiyo. Akiruka miezi mitatu kwa sababu ya ukame au uhamisho, koo moja tu inaweza kuanzisha moto upya.

Figo zikishavimba, matibabu ni ya kusubiri kwa uangalifu: kupunguza chumvi na maji, dawa za kutoa maji mwilini, dawa za presha. Watoto wengi sana hupona kabisa, mkojo mwekundu unaisha ndani ya wiki chache. Hatari iko kwenye siku za mwanzo, presha inapopanda ghafla hadi mtoto akapata degedege au maji yakajaa mapafuni. Presha ya mtoto hupimwa kwa ukanda mdogo unaolingana na mkono wake. Ukanda wa mtu mzima hutoa jibu la uongo. Uso uliovimba pia huchanganywa na utapiamlo, na mtoto akaongezewa uji na maziwa huku anachohitaji ni kupunguziwa chumvi na kupimwa presha. Mkojo ndio unaotenganisha: wa utapiamlo hauna damu.

Kwa hiyo kuvimba uso, mkojo wa rangi ya strungi, mkojo kupungua, kuumwa kichwa sana, kukosa pumzi au degedege ni sababu ya kwenda kituo cha afya cha Sericho siku hiyohiyo, na kutoka hapo hospitali ya Garbatulla au ya rufaa ya Isiolo ikihitajika. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma zinagharimiwa kupitia SHA kwa waliosajiliwa, na usajili unafanyika kwa kupiga *147# au kwa msaada wa wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba, wale waliokabidhiwa mikoba yao ya vifaa kuanzia Septemba 2023.

Mhudumu atauliza maswali mengi. Mawili ya kujiandalia njiani ni haya: koo au vidonda vilianza lini, na alipewa dawa gani kwa siku ngapi. Asiyeandika anaweza kuhesabu kwa soko, kwa Ijumaa, au kwa siku mifugo ilipopelekwa kisimani. Pakiti ya dawa, hata ikiwa tupu, ije nayo.